Mguu Uliotolewa Dirishani

Baba mkwe wangu mpendwa,

Leo nazungumza nawe kwa mara ya kwanza bila kumtuma mbuzi. Miaka kumi na tisa niliishi uani kwako pale Itaka, na sikuwahi kukutazama usoni, wala kutaja jina lako, wala kukaa nawe chumba kimoja. Ndiyo mila ya ukwe kwetu: mke wa mwana na baba wa mume hukwepana mpaka kifo, na mwenye neno humwambia mnyama au chombo ili mwenzake asikie. Sasa umekufa, huu mwezi wa pili, na kalamu yangu haijui kunyamaza.

Unajua nilivyoichukia mila hiyo. Nikiwa na mimba ya Naomi niliandika katika gazeti la Dar es Salaam kwamba mzee anayejificha asionwe na mke wa mwanawe ni kisiki ndani ya nyumba. Hata mjukuu wake akifa, hana msaada. Sikuandika juu ya mzee wa kubuni. Niliandika "baba mkwe wangu", nikajivuna wiki nzima.

Kisha Naomi akazaliwa, mdogo, kabla ya wakati wake, katikati ya Juni, ukungu ukikaa juu ya mibuni hadi adhuhuri. Mwanao alikuwa ameshapita Tunduma kwenda kwenye mashimo ya shaba. Siku ya pili mama mkwe akaitwa msibani Msangano. Tukabaki uani mimi, wewe na mtoto.

Mimi mwalimu wa shule, nilijua kila kitu. Muuguzi wa misheni alinipa kipimajoto na kunifundisha kukiweka kwapani. Alinifundisha pia kwamba hewa safi ni dawa, basi nikamlaza Naomi karibu na dirisha lililo wazi, amefunikwa kishuka kimoja. Asubuhi nilipima, nikasoma, nikaridhika. Mtoto hakulia. Hata kunyonya alinyonya kidogo tu. Nikasema moyoni, huyu ana adabu.

Ndipo nikasikia sauti yako nyuma ya ukuta.

"Wewe mbuzi! Mwulize mwalimu, mtoto wa siku tatu amenyamaza tangu jogoo wa kwanza. Amemchukia nani?"

Nikakijibu chungu cha uji nilichokuwa nimekishika. "Wewe chungu, mwambie mzee kipimo kinasema mtoto hana homa."

"Mbuzi, masikio yako marefu ya bure. Nimeuliza homa? Nimeuliza kama mtoto anaona raha. Amguse nyayo."

"Chungu, mwambie mzee hayo ni mambo ya ndama wake."

"Na ndama hawasemi, mwalimu!" Hapo ulimsahau mbuzi kabisa.

Niliingiza mkono chini ya kishuka kwa hasira, ili nipate la kukukosoa. Sikuelewa nilichogusa. Viganja vilikuwa vimetoka kwenye chungu cha moto, na kila kitu nilikiona baridi, hata paji la uso, hata kitanda. Nikasema hivyo. Ukajibu kwamba kiganja cha mpishi ni shahidi wa uongo, nitumie mgongo wa mkono. Nikautumia, na bado sikuwa na hakika. Mimi, niliyekuwa na hakika juu ya mambo yote ya Tanganyika.

"Utoe mguu dirishani," ulisema. "Nimegeuka. Sioni kitu."

Nikampakata, nikautoa mguu mmoja nje. Niliuona mgongo wako tu, ukija kinyumenyume, hadi shingo yako ikaugusa ule unyayo. Ulitulia hapo muda mrefu.

"Baridi mpaka kifundo. Tumbo lake je?"

"Lina joto," nikajibu, bila chungu.

"Basi hatujachelewa. Tumbo linaiba joto la miguu ili moyo usipoe. Kipimo chako kinamwuliza mwizi. Hakimwulizi aliyeibiwa. Funga dirisha, mvue, jivue, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi. Kichwa usikiache wazi."

Blanketi lako zito lilirushwa mlangoni. Nikafanya ulivyosema. Mara tatu siku ile nilifungua dirisha kidogo na kuutoa mguu. Mara ya kwanza ulisema, "Bado." Mara ya pili hukusema neno, na nikamwomba Mungu kwa maneno niliyokuwa nimeyadharau shuleni. Mara ya tatu ulipiga kelele, "Mbuzi! Mwambie mwalimu nimepigwa teke!" Ukacheka hadi ukakohoa. Naomi akaangua kilio cha ghadhabu, akanyonya mpaka nikaumia. Nilikaa chini, nikalia kuliko yeye.

Tangu hapo nimepigana na wengi kwa hoja yako. Bwana mmoja wa elimu alipokataa kutoa blanketi za bweni la wasichana, eti kipimajoto cha ukutani kinaonyesha hali njema, nilimwandikia gazetini kwamba ukuta hauna ngozi. Avue viatu akae humo saa moja, kisha aiulize miguu yake. Blanketi zilikuja. Wewe sikukutaja.

Lakini neno "kisiki" sikulifuta. Kukuomba radhi sikuweza. Mbuzi gani angebeba ujumbe huo? Na niliogopa kwamba ulisomewa makala ile baadaye, ukajuta kuugusa mguu wa mtoto wangu. Kila ulipokohoa uani nilidhani ni hilo.

Jumanne nilimwungamia mama mkwe. Akacheka hadi akashika mbavu.

"Alisomewa na mwinjilisti siku ile ile gazeti lilipofika, tumbo lako limefika hapa! Akataka asomewe tena. Niliporudi kutoka Msangano nikamwuliza, sasa ulikwenda dirishani kwa nini? Akasema, 'Aliyeandika ni mama. Mtoto hajaandika kitu.'"

Kumbe ulijua, na ukaja. Nimepumua, baba. Miaka yote hii nilibeba mzigo ambao wewe uliutua kabla Naomi hajazaliwa. Mila ile sitaacha kuipiga vita, na mwanao ameniapia kwamba wake wa wanawe watamsalimia ana kwa ana. Lakini kisiki nakifuta, hapa hapa, mbele ya wasomaji wale wale wa gazeti.

Pumzika, baba. Asante.

Mkaza mwanao,
mama Naomi