Mnafu wa Kwaresima

Jumatano, 18 Februari

Kidonge cha jioni nimemeza. Warfarini, kama kila siku tangu waniwekee valvu ya chuma kwenye moyo. Damu ikigandia pale, mlango unakwama, na mimi ndiyo basi. Au donge linapanda kichwani na kunipooza. Daktari hakunizungusha, aliniambia hivyohivyo. Kwa hiyo naweza kusahau jina langu, kidonge sisahau.

Leo Jumatano ya Majivu. Nimepakwa majivu, nikarudi kwenye cherehani. Sare za kwaya za Pasaka, kitambaa chenyewe kinateleza hovyo. Mama mkwe amefika kutoka Rombo na kapu zima la mnafu, ile mboga chungu ya majani. Ametangaza: Kwaresima hii nyumba nzima hakuna nyama, hakuna samaki, hata dagaa. Mume wangu Joachim amenuna. Mimi sina neno. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jumatatu, 23 Februari

Mama ameona doa jeusi mkononi mwangu. Nilijigonga kwenye meza ya kukatia nguo. Kwa mtu anayetumia dawa hii ni kawaida. Yeye anasema sina damu. Nimemweleza kwamba damu ninayo, ila haitakiwi kuganda upesi. Hajanielewa. Kwake, dawa ya kuzuia damu kuganda ni dawa ya kumaliza damu.

Sasa nina bakuli langu peke yangu. Mnafu mchana, kisamvu jioni, na asubuhi glasi ya maji ya matembele, ya kijani kibichi, yananuka shamba. Ya kuongeza damu. Nakunywa. Huyu ndiye aliyelala chini ya kitanda changu wodini waliponipasua. Nitamkatalia nini?

Jumamosi, 28 Februari

Nimechoka majani. Mbuzi ana nafuu, yeye habembelezwi. Mama kashajulikana soko la Mabibo, wauza mboga wanamwekea mafungu mapema. Majirani wanasema nimenawiri. Labda.

Alhamisi, 5 Machi

Umeme ulikatika saa nane mchana. Cherehani ikanyamaza, na redio ya kinyozi wa jirani. Kimya kikiwa hivyo, huwa nausikia moyo wangu, valvu ya chuma ikijifunga. Tik, tik, tik. Wateja wageni hugeuka kutafuta saa ukutani, na mimi huwaacha watafute.

Leo mlio upo, lakini umefifia. Kama umefunikwa na nguo nzito. Nimeziba masikio, nikasikiliza kwa ndani. Vilevile. Nimejiambia ni masikio yangu.

Si masikio yangu. Naogopa.

Jumamosi, 7 Machi

Nimepanda ngazi za duka la vitambaa, nikakwama katikati. Pumzi hakuna. Kijasho chembamba. Joachim anasema, "Wewe umechoka tu na hizo sare, pumzika bana." Mama anasema ni damu, ameongeza bakuli. Nimekula kwa hasira, bila chumvi, ili wajue nina hasira. Hawajajua.

Kliniki ni Alhamisi. Sijui kama nisubiri.

Jumatatu, 9 Machi

Sikusubiri. Nikilala chali nilikuwa nazama. Asubuhi Joachim kaita bajaji, mama kapanda na sisi, bila hata kuuliza tunaenda hospitali gani.

Wamenitoa damu kupima inavyoganda. Kipimo changu kinatakiwa kiwe kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Kimesoma moja na nukta tatu. Yaani damu yangu inaganda karibu kama ya mtu asiyetumia dawa kabisa.

Daktari aliuliza kama naruka vidonge. Nilitaka kumrushia kiatu. Mama akamwapia kwamba ananiona nikimeza kila jioni. Daktari akauliza dawa nyingine yoyote, za duka la dawa, za kienyeji. Hakuna. Ndipo akauliza ninakula nini.

Mama akajibu kwa niaba yangu. Kwa fahari. Mnafu, kisamvu, matembele, ya kukamua na ya kuchemsha. Daktari akaacha kuandika.

Kumbe majani ya kijani yana vitamini K. Ini linaitumia kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Warfarini kazi yake ni kulizuia ini lisifanye hivyo. Dozi yangu ilipimwa nikiwa nakula dagaa, na mboga mara mojamoja. Mboga zimekuja shamba zima, kidonge kimezidiwa. Waliwahi kuniambia nisibadilishe mlo bila kuwauliza. Nikadhani wanasema mafuta na pombe. Nani huuliza ruhusa ya kula mchicha?

Mama aliinuka. Alijifunga kitenge upya, akatoka nje.

Picha ya moyo imeonyesha donge dogo ukingoni mwa valvu. Wamenilaza. Nina dripu ya heparini, nayo ya kuzuia damu kuganda, yenyewe inafanya kazi papo hapo, wakati dozi mpya ya warfarini inachukua siku kadhaa kukolea. Donge lisipopungua, watanipasua tena. Sitaki kufa. Binti yetu Noela ana miaka sita, bado hajui kufunga kamba za viatu.

Jumatano, 11 Machi

Mkono umevimba kwa sindano. Mama hajaja tangu juzi. Joachim anasema amefunga mizigo, anataka kurudi Rombo. Anasema ameniua. Nimemwambia Joachim afiche hiyo mizigo.

Namkasirikia mama. Na sitaki aondoke. Vyote viwili.

Jumatatu, 16 Machi

Picha nyingine. Donge limebaki kidogo sana. Hakuna kisu.

Nimelia mbele ya daktari, kamasi na yote. Nikamwuliza, basi niache mboga kabisa? Akashtuka kuliko siku ile ya kwanza. Nikiacha kabisa, kidonge kitazidi nguvu, nitavuja damu mpaka kwenye ubongo. Nile, lakini kiasi kilekile kila wiki, wao watapima dozi juu ya hapo.

Nimemweleza mama kwenye simu; bado yuko nyumbani kwetu, mizigo hajaiona. Akaitikia "haya, mwanangu". Haya ya mtu ambaye hajaamini.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Kwaya imependeza. Pindo moja limeachia, nimeliona mimi tu.

Tangu nitoke hospitali mama alikuwa hagusi jiko. Nilipika mwenyewe, upawa wangu mmoja wa mboga, basi. Leo ameingia jikoni bila kuombwa. Ndizi nyama, na mchicha pembeni. Akawapakulia wote. Sahani yangu akaijaza nyama tupu.

Nikamwuliza mboga yangu iko wapi. Akasema, "Mie siweki. Kaweke mwenyewe."

Sikuinuka. Nilikaa na sahani yangu, chakula kikapoa. Joachim akataka kuinuka yeye, nikamkanyaga mguu. Noela akaacha kula, akawa anatutazama.

Mama akainuka. Akachota upawa mmoja, akapunguza, akaongeza tena. Mchuzi ukamwagikia mezani.

"Hivi ni sawa?"

Nikamwambia ni sawa, mama. Akakaa. Tukala.