Matawi Mabichi Barabarani

Jumapili, Kapseret



Tulikuwa tunashuka Bonde la Kerio na gari la four-wheel la ndugu yangu Wafula, njia ya ndani ya udongo wa murram. Mvua inanyesha, inaacha, jua, tena mvua. Kwenye kona tukakuta matawi mabichi yamewekwa katikati ya barabara. Nikakasirika. Hawa watu wa malori, gari likiharibika wanaweka matawi, likipona wanaenda zao bila kuyaondoa! Nikashuka, nikayatupa yote korongoni.

"Twende," nikamwambia Wafula.

Tulipopiga kona tu akakanyaga breki. Mbele hakukuwa na barabara. Udongo ulikuwa umeporomoka nayo yote, na pale chini niliona vilele vya miti.

Wafula akarudi rivasi polepole. Ndipo nikasikia pikipiki ikishuka nyuma yetu. Niliruka nje kwenye matope nikipiga mayowe. Ilisimama karibu inigonge goti. Nyuma ya dereva kulikuwa na mama, mtoto mgongoni. Alishuka, akachungulia lile shimo.

"Asante, dada," akasema. "Lakini si mngeweka hata matawi?"