Daftari Jeusi la Kambini

Kasapa, Lubumbashi, 14 Januari 1980

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Hamjambo huko Pweto? Goti lako je, na samaki wa kukausha wanapatikana? Mimi mzima wa mwili, ila kichwa hakitulii.

Nimepata somo la memwari, ile kazi ya kumalizia chuo. Kuna mwanafalsafa mmoja Mfaransa anayesema nguvu ya kutawala haikai kwa mkubwa peke yake. Imo katika kupimwa, kupangwa foleni, kuandikwa, kuangaliwa. Mtu akijua anaangaliwa, anajichunga mwenyewe. Profesa Liévin, Mbelgiji anayenisimamia, amenituma nilijaribu wazo hilo katika idara mbalimbali. Nimezunguka mpaka viatu vimekwisha. Daktari ameniambia, "Ile mawazo iko muzuri kwa bale ba masomo. Siye ku lopitali tunaponyesha bantu tu." Wa ualimu akasema, "Hapana, iyo ni ya ku lopitali." Wa jiografia akanirudisha kwa hao wawili. Kila mmoja anamwona Mfaransa wangu nyumbani kwa jirani!

Ndipo nikakumbuka kwetu. Ulikuwa mlinzi wa kambi ya wafanyakazi wa mgodi miaka kumi na minne, ukipita nyumba kwa nyumba na daftari lako jeusi. Nalihitaji. Na si kwa masomo tu. Mama anasema ulimwandika Mjomba Mukuka, kaka yake, ndiyo maana alikimbilia Zambia mwaka 68. Sijawahi kukuuliza. Sasa nauliza.

Binti yako,
Chileshe

Pweto, 2 Februari 1980

Mwanangu Chileshe,

Hatujambo. Goti linauma mvua ikitaka kunyesha, yaani kila siku. Mama yako Honorine anauliza kama unakula. (Serikali ilikataza majina ya Kizungu ikampa jingine, mimi nimemzoea hivyo.)

Huyo Mfaransa alipata kukaa kambini? Maneno yake si mageni kwangu. Lakini daftari sikupi. Liko sandukuni na litabaki humo. Andika juu ya shule, andika juu ya chochote. Kazi ile ndiyo iliyowalisha.

Jambo jingine. Bahasha yako ilifunguliwa njiani, ikabandikwa upya kwa uji wa mihogo. Usiandike tena neno "kutawala". Barua zako mpe Asumani, dereva wa lori la samaki.

Baba yako,
Kalaba

Kasapa, 20 Februari 1980

Baba,

Natumaini mko salama. Mimi siko salama, na nimekasirika, sitaki kuficha.

Kijana wa Chama alikuja chumbani kwangu na karatasi. "Citoyenne, unatafuta nini mu ba-département yote?" Akaanza kuandika kabla sijafungua mdomo. Baba, nilitabasamu. Nikajitetea hata kwa mambo ambayo hakuniuliza. Kwa sababu ya karatasi tu! Tangu siku hiyo nachoma nilichoandika, nafunga dirisha, nafungua, nafunga tena. Siwezi kukaa kitini.

Nikamfikiria Mjomba Mukuka mlangoni pake. Mwenye karatasi siku ile ulikuwa wewe. Ukininyima daftari nitaandika kwa kumbukumbu za Mama, na jina lako nitaliweka.

Binti yako,
Chileshe

Kasapa, 9 Aprili 1980

Baba,

Hamjambo? Hii ni barua ya pili bila jibu. Mama mzima? Lile la jina lako nilisema kwa hasira, nimejuta. Niandikie hata neno moja.

Chileshe wako

Pweto, 27 Aprili 1980

Mwanangu,

Mimi mzima. Nilikuwa naandika na kuchana. Asumani amekuletea kikapu cha samaki, na chini ya samaki kuna daftari. Lifungue kwanza, kisha uendelee kusoma.

Umeona? Kurasa tatu za mwanzo zina maneno. Zilizobaki zote ni mikwaruzo.

Mwezi wa kwanza niliandika kweli. Mama mmoja alikuwa amelaza mgeni bila kibali. Walitolewa nyumbani, yeye na watoto wake watano, mvua inanyesha. Nikasema sitaandika tena. Lakini mlinzi asiye na daftari anafukuzwa. Basi nikawa napita, nasimama, nakwaruza. Mkubwa aliuliza tu, "Daftari iko?" Nasema iko. Hakulifungua hata siku moja, na kambi yetu ilitulia kuliko zote.

Mukuka alikuwa anapika lutuku nyuma ya nyumba, pombe iliyokatazwa. Nikasimama, nikakwaruza kama kawaida. Akauliza, "Shemeji, unaandika nini?" Nikamwambia, "Minaandika byako byote!" Mashemeji tunataniana, unajua mwenyewe. Nilicheka njia nzima. Kesho yake nyumba ilikuwa tupu.

Ningemwambia Mama yako ukweli, angemtetea kaka yake kwa majirani, na kambi nzima ingejua kwamba Kalaba haandiki. Nikanyamaza kwa ajili ya kazi. Kazi ikaisha, nikaona haya kuanza kusema. Miaka kumi na miwili, Chileshe.

Baada ya barua yako ya tatu nilimpa Mama yako daftari. Aligeuza kurasa moja moja mpaka ya mwisho, akaliweka mezani. Asubuhi alifunga nguo zake akaondoka, hakusema anakwenda wapi. Nyumba imenishinda, natembea tu kando ya ziwa. Jina langu liandike.

Baba yako,
Kalaba

Kasapa, 18 Mei 1980

Baba yangu,

Usiwe na wasiwasi, Mama yuko hapa. Alikaa kwanza kwa dada yake Ngosa, kisha akapanda lori la Asumani, aliyemwambia daftari liko kwangu. Alifika siku tano baada ya daftari na akaniomba nimpe, akamwonyeshe Mjomba.

Nililia kabla ya kumpa, nakuambia ukweli. Profesa Liévin alikuwa ameshaliona. Aligeuza zile kurasa za mikwaruzo, akasema sura moja juu ya daftari hilo ingetosha peke yake. Bila daftari hana la kuwaonyesha wenzake, na huenda nikarudia mwaka. Lakini memwari nitaandika nyingine. Mama hana kaka mwingine.

Jana nilimsindikiza mpaka kwenye gari la Kasumbalesa, mpakani. Anakwenda Kitwe, kule Zambia, kumtafuta Mjomba, daftari limefungwa kwenye kitenge. Hatujui kama bado yuko pale, wala kama atakubali kuonana naye. Nilimuuliza nikuandikie nini. Alikuwa ameshakaa ndani, akasema kupitia dirishani:

"Umwambie atandike kitanda ya bageni. Na ile kalamu yake, aitupe mu maji."

Binti yako,
Chileshe