Kidonda cha Mpiga Tarumbeta

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi usiitikie, nisaidie tu, maana maji yamenifika shingoni na Jumapili hii nimeitisha kikao cha wazee wa pande zote mbili ili nirudi kwetu.

Mimi ni msusi, nina saluni yangu, na mume wangu anapiga tarumbeta kwenye bendi ya sherehe, ile inayotangulia magari ya maharusi, mtu mpole, akirudi anavua viatu mlangoni na kuuliza kama watoto wamekula, sasa mwezi uliopita akarudi ana vipele vya majimaji vimejikusanya kwenye pembe ya mdomo, na kabla sijafungua kinywa akasema ni jua, walipiga mchana kutwa juu ya gari la wazi, moyoni nikasema jua gani hili linalochagua pembe moja.

Basi nikawauliza wateja. Niliyekuwa namsuka akasema bila hata kusita kwamba vipele hivyo haviji ila kwa busu, tena busu la nje ya ndoa, na aliyekuwa chini ya draya akaunga mkono ingawa nina hakika hakusikia swali, na wa tatu akanipa kipimo, kwamba nimpake ndimu na chumvi akiwa amelala, akipiga kelele ana hatia. Nikamvizia kajilaza mchana, nikampaka. Mshauri, alipiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta, na mimi nikajua hapa sina mume.

Nikaenda mazoezini kwao nikijifanya nampelekea chakula, nikamkuta dada mmoja wanayemfundisha tarumbeta, mimi namwita Mashavu, naye ana kidonda kilekile, pembe ileile. Niligeuka na chakula changu, nikafungasha nguo za mume wangu nikazipeleka kwa wifi, nikamwambia kaka yako atalala hapa, na saluni nzima nikawaeleza, na sasa Mashavu haendi tena mazoezini, kitu ambacho kwangu ni ushahidi wa kutosha. Wifi ananiletea hadithi kwamba wale wawili wanapokezana mdomo mmoja wa tarumbeta, kile kipande cha chuma cha kupulizia, kwa sababu kingine kilitumbukia mtaroni na kiongozi wa bendi hajanunua kipya. Nimecheka mpaka nikalia, halafu nikalia kweli.

Na usije ukaniona mshamba, vipele hivyo navijua, vinanitoka tangu utoto kila nikipata mafua, hata siku chache kabla ya mume wangu nilikuwa navyo, lakini vyangu ni vya baridi, ukoo mzima unajua, marehemu bibi alikuwa navyo na alikuwa mtu wa ibada. Nimfungulie mlango, au niendelee na kikao?

Msusi Niliyeumizwa

JIBU

Msusi, shikamoo yako nimeiitikia, kwa hiyo sasa utanisikiliza kama mkubwa wako.

Pole kwanza. Kuhisi umesalitiwa kunauma, na sikucheki kwa hilo. Kwa ndimu na chumvi nakucheka. Mtu ana kidonda kibichi unamkoleza kama samaki, halafu unashangaa akipiga yowe? Hata mimi ningepiga, na sijabusu mtu tangu nistaafu.

Vidonda hivyo vinaletwa na kirusi, na watu walio nacho ni wengi mno. Wengi walikipata wakiwa watoto, kwa busu la mama, shangazi au bibi. Kikishaingia hakitoki. Kinajificha kwenye mishipa ya fahamu, kinaweza kutulia miaka, na siku mtu akipata homa, akichoka, akiwa na mawazo au akipigwa na jua kali, kinaamka. Kwa hiyo jua la mumeo si uongo wa kubuni, na kipele cha leo hakiwezi kukuambia mtu alibusiwa na nani wala lini.

Tena hakuna kirusi cha ndani ya ndoa na cha nje. Hicho chako unachokiita cha baridi, na hicho cha mumeo unachokiita cha uzinzi, ni kitu kilekile. Bibi yako, Mungu amrehemu, huenda alikubusu kwa mapenzi akakuachia urithi. Na ukinilazimisha nimtafute mwanamke aliyembusu mumeo akiwa na vipele, ninayemshuku mimi ni msusi na ameniandikia barua. Sina ushahidi, lakini wewe ulikuwa nao?

Hata hadithi ya wifi yako inawezekana. Busu ndilo njia kubwa, ila kupokezana kitu chenye mate wakati kidonda kiko wazi kunaweza kuambukiza pia. Kiongozi wa bendi aache ubahili anunue kipande cha pili. Nyumbani, kidonda kikitoka, kila mtu na kikombe chake na taulo lake, ukikigusa unanawa mikono, usipeleke kidole jichoni, na usibusu mtu, hasa mtoto mchanga, maana kwake ni hatari kweli. Dawa zipo famasia, na zinasaidia zaidi ukianza pale mdomo unapoanza kuwasha. Kikipita wiki mbili hakijapona, au kikisogea karibu na jicho, nenda hospitali na siyo saluni.

Huyo dada ana jina, na siyo Mashavu. Umemfukuzisha mazoezini kwa maneno yako, basi maneno hayohayo uyafute mbele ya wateja walewale, kisha uende kwake ukamwombe radhi kwa mdomo wako.

Kikao kivunje leo, uwaambie wazee ulikosea. Kisha mumeo. Umewauliza wateja watatu, umeiuliza ndimu, umeniuliza mimi nisiyemjua. Yeye hujamuuliza hata mara moja. Nenda kwa wifi yako kesho, kaa na mumeo, muulize, na akianza kujibu umwache amalize. Halafu mwombe arudi. Akikataa kesho, nenda tena keshokutwa, na uende mwenyewe.