Aliyekaa Nyuma na Magesa

Mke wangu Mama Kulwa,

Pokea salamu nyingi toka huku misheni ya kulinda amani. Hujambo? Mapacha wetu wanaendeleaje, na lile goti lako linalogoma ukipanda kilima cha hapo Mkolani limetulia? Mimi ni mzima, ila kitambi kimekonda; ukikiona hutakitambua.

Barua hii inaletwa na afande luteni, na hajaja kutembea. Anamleta Magesa kwao Nansio. Homa ilimshika, tukamuuguza, akatutoka. Ndiye yule aliyemaliza sato wote pale nyumbani, ukabaki unacheka na sufuria tupu. Mvua imekata simu na barabara, helikopta haitui.

Tulimtoa kambini kwa gari ninaloendesha, lile la vipande viwili vilivyoungwa katikati, linalotembea kwa minyororo kama katapila na kuelea majini. Wiki ya kwanza nilikata usukani nikasahau kwamba linajikunja kiunoni; kipande cha nyuma kikabomoa jiko letu. Mpaka leo naitwa Bomoa. Dereva anakaa mbele, mizigo nyuma, na katikati hakuna pa kupita.

Jeneza likawekwa nyuma. Luteni, kijana wa Dar, akasema, "Tukivuka mto, nyuma hakai mtu. Ni amri ya wakubwa."

"Afande, kwetu ziwani marehemu hasafiri peke yake. Anakaa mtu, anaongea naye."

"Mzee Bomoa, kipande cha nyuma kikizama je?"

"Basi nipe dereva, nikae mimi."

"Nani mwingine analiweza hili dude?"

Hakuwepo. Akanitazama, akavua kofia, akapanda nyuma mwenyewe, akafunga mlango.

Mtoni niliendesha polepole. Kiungo cha vile vipande viwili kinalia, maji yanapiga kioo, na ya nyuma siyasikii. Tulipotoka ng'ambo nilikimbia kufungua. Maji yalikuwa yameingia, kamba imekatika. Luteni amepiga magoti humo majini, mabega kayakaza kwenye jeneza lisidondoke toka kwenye benchi.

"Tumevuka?"

"Tumevuka, afande."

"Nilikuwa namsimulia mpira," akasema. "Sikujua niseme nini kingine."

Tafadhali, Mama Kulwa, panda meli uende Nansio ukakae na mama yake Magesa. Atauliza nani alikuwa na mwanae njiani. Luteni hatasema, maana amri aliivunja yeye. Mwambie wewe, taratibu, mkiwa wawili.

Nisalimie shemeji yangu fundi cherehani wa Nyegezi, na mama mkwe umfikishie shikamoo yangu. Mwambie bado sijanyongwa na chakula cha kambini. Wanangu wabusu wote wawili, wasije wakagombana.

Siku ya maziko, ndugu wakiitwa kuweka udongo, mwombe mama yake Magesa amwite na huyo kijana luteni.

Mumeo,
Baba Kulwa