Kikombe Nisichokistahili

Sogndal, Jumapili

Mdogo wangu Åshild,

Mimi mzima, ila mapaja yananiuma hata kukaa chooni ni kazi. Sunniva, mwalimu wangu wa mazoezi, hana huruma. Jumatatu ngazi, Jumatano kuogelea, Ijumaa nasimama kwa mguu mmoja huku napiga mswaki. Nikamwambia, "Mwanangu, nataka kupanda mlima tu, siendi Olimpiki!" Akacheka: "Bibi, mwili ukizoea kazi moja unabweteka. Haya, twende!"

Sasa nikuungamie. Kile kikombe cha waliopanda mlima mara hamsini, ulichokuwa ukinionea wivu, sikukistahili. Aliyepanda ni mume wangu. Mimi nilibaki kwenye gari na chupa ya kahawa, naye Oddvar akifika kileleni anafungua kisanduku chenye daftari la wapandaji, lile linalohesabiwa ili kutoa vikombe, na kuandika majina yetu sote wawili. "Nani atajua?" alikuwa akisema. Sikukuambia hata siku ya mazishi yake, ulipokisifu kikombe mbele ya wageni.

Jana nimepanda, Åshild! Mwendo wa saa mbili, bila kushikwa mkono. Sunniva akanimenyea chungwa, nami nikafungua kisanduku, nikaandika jina langu kwa mkono wangu mwenyewe. Chini yake nikaandika la Oddvar.

Sunniva akachungulia. "Huyu naye yuko wapi?"

"Kwenye gari," nikamjibu. "Leo ni zamu yake kusubiri."

Dada yako mwenye mapaja ya moto,
Gunnvor