Maji ya Uwatu

Dada Hansa,

Hatujambo, mvua tu ndiyo imechelewa. Mama mkwe amempa Bhavini, mke wa shemeji yangu, kopo la viungo, wakati mke wa mwana mkubwa ni mimi! Eti maji ya uwatu anayomlowekea yamemshusha sukari. Sasa jikoni naambiwa, "Dada, mdalasini usiuguse, nimeshaupima." Kijitu chenyewe kimeolewa juzi!

Lakini sukari imepanda tena. Bhavini analia, hajui kwa nini. Mama mkwe hamwambii kwamba kila alasiri huja chumbani kwangu, akafunga mlango, akaninong'oneza: "Wewe ndiye unayenipenda, mwanangu. Umeniwekea ladu, kitamu changu?"

Hata jana, miguu ikiwa imemvimba, nilimpa.

Mdogo wako,
Kokila